Barua ya wazi kwa wahusika wa mambo ya kale: mifupa ya kwenye miamba ya Mwanza inaishia kwenye viroba

Kwenu Waziri wa Maliasili na Utalii, Mkurugenzi wa Mambo ya Kale, wakubwa wa Makumbusho ya Taifa, Mkuu wa Mkoa wa Mwanza na wakuu wa wilaya zote za mkoa huu, na nyie wa Tume ya Madini mnaotoa leseni za kokoto, msijifiche nyuma ya wenzenu maana na nyie mnahusika.

Mwangaluka waheshimiwa.

Mimi ni dalali wa kokoto hapa Mwanza. Namuunganisha mwenye ujenzi na kina mama wanaoponda na vijana wanaochoma mawe, natafuta fuso, napata changu hapo katikati, maisha yanaenda. Mambo ya kale sijayasomea darasani, nimeyasoma kwenye simu usiku nikikosa usingizi, na nimeanza kuyasoma kwa sababu ya kitu nilichokiona kwenye kazi yangu mwenyewe ambacho nitawaeleza hapo chini. Ila kabla sijaeleza niseme kabisa ninachotaka ili anayesoma kwa haraka aishie hapa: tunataka MTU. Mtu wa serikali anayeijua mifupa ya kale, akae Mwanza hapa hapa, awe na namba ya simu inayopokelewa, na awe na mamlaka ya kusimamisha kazi kwenye jiwe lolote siku mbili tatu mpaka afike aangalie. Basi. Mengine yote humu ni sababu tu.

Kwa wasiojua kazi yetu inavyoenda. Jiwe la Mwanza ni granaiti, gumu, nyundo peke yake haifui dafu. Wenye hela wanatumia baruti, sisi wa chini tunachoma. Unachimba udongo chini ya mwamba, pale jiwe lilipoinama likaacha kivuli, unapanga matairi chakavu na magogo, ukipata na oili chafu unamwagia, unawasha jioni linawaka usiku kucha, asubuhi jiwe limepasuka magamba magamba mnaingia na mitarimbo na nyundo kubwa. Vipande vinashushwa kwa kina mama, kila mmoja kakaa kwenye kivuli chake cha viroba vilivyochanika, ana duara la mpira wa tairi la kushikilia jiwe lisimrukie usoni, anagonga mpaka zinatoka za nusu inchi au robo tatu, anajaza ndoo, ndoo zikifika za kutosha napigiwa simu. Na soko lipo aisee, watu wanajenga mpaka juu kabisa ya milima, sensa ya 2022 imetuhesabu zaidi ya watu milioni 3.6 mkoa huu, reli ya kisasa ya Mwanza Isaka inataka mawe, daraja la Kigongo Busisi limekula mawe, kila mtu anataka mawe.

Sasa angalieni vizuri ile sehemu tunayochimba ili tuwashe moto. Kivuli cha chini ya mwamba, mvua haiingii, upepo haufiki, mbele unaona ziwa au bonde lote. Ndio hapo hapo mtu wa zamani alikuwa anakaa, anapika, anachonga zana zake, na wakati mwingine anamzika mtu wake. Yaani sehemu nzuri kuliko zote ya kuwasha tairi ndio sehemu nzuri kuliko zote ya kukuta mtu wa kale, hatujapanga iwe hivyo ila ndivyo ilivyo.

Kiangazi kimoja hapo nyuma vijana walikuwa wanatoa udongo chini ya mwamba mkubwa kwenye mlima ambao sitautaja, nikiutaja tu wale jamaa wanaosaka mali ya Mjerumani watahamia na mashine zao (hao nitawarudia). Nilikuwepo, nilienda kukagua mzigo. Udongo wa juu ulikuwa wa kawaida, mavi ya popo na majani, alafu ukaanza kuwa mweusi wenye majivu, wakaanza kutoka na vigae vya vyungu vyenye nakshi za meno meno zimepangwa mistari mpaka kwenye mdomo wa chungu, na vipande vidogo vya jiwe jeupe, kwatzi, vyembamba, kimoja kikamchana kijana kiganja damu ikatoka kweli kweli. Mimi nilizunguka ule mwamba mzima sikuona hata mshipa wa jiwe jeupe, maana yake kuna mtu alilileta pale na kulipasua kwa makusudi. Chini ya hapo, kama kimo cha kiuno, likatoka fuvu. Kalala ubavu, magoti yamekunjwa yamepanda karibu na kidevu, mkono mmoja umepita chini ya shavu. Meno yote yapo ila yamesagika juu yamekuwa bapa kabisa, hata mtu wa miaka themanini wa siku hizi hana meno yaliyoisha namna ile.

Kazi ikasimama kama nusu saa hivi. Mmoja akasema huyu kauawa, mwingine akasema huyu katolewa kafara, mwingine akasema jamani tufukie fasta kabla hatujaitwa kutoa maelezo. Mjumbe akaja, akapiga simu ofisi moja akaambiwa hiyo sio ya kwetu jaribu ofisi fulani, ile fulani ikasema kama sio mauaji hatuhusiki, mwisho wakaja askari wawili wakachungulia, wakasema huyu ni wa siku nyingi sana endeleeni na kazi, wakapanda pikipiki yao. Na siwalaumu sana, nani kawahi kuwafundisha wafanyeje? Jioni mifupa ikaingia kwenye kiroba, ikaenda kufukiwa huko porini, leo ukimuuliza aliyeibeba anakuzungushia mkono kwenye eneo zima kwamba ni huko. Udongo ule mweusi uliuzwa kama kifusi, umejaza msingi wa nyumba ya mtu. Usiku matairi yakawashwa.

Ukimleta mtaalamu leo umuulize yule mtu ni wa lini hana cha kushika. Anaweza akawa wa miaka 300, anaweza akawa wa miaka 3,000, anaweza akawa wa zamani zaidi ya hapo, na hakuna mashine duniani itakayotuambia maana tumeshavuruga kila kitu.

Hapo ndipo nilipoanza kuperuzi. Nikakutana na habari ya Panga ya Saidi, hapo Kenya tu, Kilifi, pango liko kilomita kama 15 kutoka baharini. Mwaka 2021 walitangaza wamekuta kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu mpaka mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita, mazishi ya zamani kuliko yote yanayojulikana Afrika ya binadamu wa aina yetu. Wakampa jina Mtoto. Waliona shimo lake na vipande vya mfupa mara ya kwanza 2013, hawakukurupuka, mpaka 2017 ndio wakaufikia mwili wenyewe, mita kama tatu chini ya sakafu ya pango, na mifupa ilikuwa imeoza kiasi kwamba ukiigusa inageuka unga. Wangekuwa vijana wangu ingekuwa kiroba. Wao waliimwagia dawa ya kuigandisha, wakazungushia plasta bonge zima la udongo, wakalibeba bonge kama lilivyo mpaka makumbusho Nairobi, baadaye likapelekwa Burgos kule Hispania, na huko wakalifungua polepole maabara. Meno ndiyo yakawaambia umri wa mtoto. Namna kichwa kilivyolegea na kuanguka ikawaambia kilikuwa kimeegeshwa juu ya kitu kilichooza baadaye, yaani walimwekea mto, na mabega yalivyobanana yakawaambia alikuwa amefungwa kwenye kitu, labda majani labda ngozi. Kalala ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani. Niliposoma hapo niliweka simu chini kwanza.

Na kuna jambo lilinishangaza zaidi kwenye ile habari, kwamba umri wa miaka 78,000 haukutoka kwenye mfupa, ulitoka kwenye mchanga. Punje ya mchanga ikifukiwa gizani inaanza kulimbikiza nguvu fulani kutokana na mionzi midogo midogo iliyomo ardhini, ikipigwa mwanga inaachia yote inaanza upya, kwaiyo mtaalamu akiuchukua mchanga bila kuuonesha jua, ndani ya bomba lililozibwa, anaweza kusoma ni lini mara ya mwisho ulikuwa nje. Mkaa nao una kipimo chake, unafika mpaka miaka kama 50,000. Sasa sisi tuliutoa udongo wote juani, tukaumwaga, tukauchanganya na wa jana. Udongo wa pangoni ni kama daftari la madeni la dukani, ukurasa wa chini ndio wa zamani, ukishalichana na kulichanganya kila mtu anadaiwa na hakuna anayejua lini alikopa.

Alafu kuna mfupa mmoja, ule mgumu sana wa ndani ya sikio upande wa kichwa, saizi ya ncha ya kidole gumba. Huko ndiko vinasaba vinakodumu kuliko sehemu nyingine ya mwili hata kwenye joto letu hili. Watafiti wameshatoa vinasaba kwenye mifupa ya watu wa zamani wa Tanzania, kuna mtu wa Luxmanda huko Manyara wa miaka kama 3,100, kuna wa pango la Gishimangeda karibu na Ziwa Eyasi, kuna wa Mlambalasi Iringa ambao ni wa zamani sana zaidi. Kwa hao watu tumejua wafugaji wa kwanza waliingiaje kutoka kaskazini, walikutana na nani hapa, walioana na nani. Sasa huku kwetu upande wa kusini wa ziwa, njia panda ya watu wote, wawindaji, wavuvi, wafugaji, wafua vyuma, sisi tunachoma tairi juu ya hicho kimfupa.

Sio kwamba hakuna anayejua kwamba Mwanza kuna vitu. Miaka ya 1960 watafiti walizunguka mkoa huu, ripoti ikachapishwa 1969, walichimba kwenye mapango ya miamba ikiwemo Nyang'oma, wakakuta vyungu vya aina ya Kansyore, vile vilivyopewa jina la kisiwa cha mto Kagera. Watu wa vyungu hivyo walikuwa wavuvi na wawindaji wa ziwa hili kabla kilimo hakijafika. Upande wa Kenya wa ziwa hili hili wameendelea kuchimba, wana pango la mwamba la Kakapel kule mpakani na Uganda, wamepata mifupa na vinasaba vyake na sehemu imewekewa uzio na wageni wanaenda. Sisi ripoti ya 1969 bado ndiyo inayotajwa tajwa. Na ziwa lenyewe, watu hawajui, miaka kama 16,000 iliyopita lilikuwa limekauka, wataalamu wamelipima tope la chini wakakuta udongo wa nchi kavu na mizizi, mtu angeweza kutembea kwa miguu kutoka hapa kwenda Ukerewe bila kulowa kisigino (na sisi tunagombania nafasi kwenye kivuko!). Lilivyojaa tena watu walihamia wapi, walianza lini kuvua, majibu yako chini ya hii miamba yetu, hayapo kwingine.

Kama mnadhani natia chumvi kuhusu machimbo kumeza mtu wa kale naomba mkasome ya Kabwe, Zambia. Mwaka 1921 wachimbaji wa risasi na zinki walikuta fuvu kwenye pango la kilima kilichokuwa kinachimbwa, fuvu zima lenye nyusi nene za mfupa, moja ya mafuvu bora ya binadamu wa kale yaliyowahi kupatikana. Likapelekwa London, mpaka leo liko huko, Zambia wanadai warudishiwe miaka nenda rudi. Ila hata wakirudishiwa, kilima chenyewe hakipo, kilichimbwa chote kikaisha, na kwa sababu udongo wake haupo karibu miaka 100 ilipita wanabishana tu umri wake, mpaka 2020 ndio wakatoa kipimo cha kueleweka, karibu miaka 300,000. Hilo walau fuvu lilibaki. Sisi hatuna hata fuvu.

Na kinyume chake ni Afrika Kusini, pango la Rising Star, 2013. Vijana wawili wa kawaida wanaopenda kuingia mapangoni walipenya kwenye ufa wenye upana wa sentimita kama 20 wakakuta chumba kimejaa mifupa. Hawakuokota, walipiga picha wakatoka nazo, wakampelekea mtu waliyemjua, na zikamfikia Lee Berger, mtafiti wa mifupa ya kale, usiku. Akatafuta wanasayansi wembamba wanaoweza kupita kwenye ule ufa, wakachaguliwa wanawake sita, wakatoa vipande zaidi ya 1,500, watu wasiopungua 15, aina mpya kabisa ya ndugu zetu wa kale, Homo naledi. Mimi hapo sitazami sana sayansi, natazama kwamba wale vijana walikuwa na mtu wa kumpelekea. Vijana wetu na wao wana simu, na kamera zao nzuri tu, picha za lile fuvu zipo zinazunguka mpaka leo kwenye magrupu na utani wa kishenzi juu yake, kilichokosekana ni namba ya kuzitumia.

Sasa niwaambie lingine ambalo wakubwa wa Dodoma na Dar hamlifikirii kabisa, huku Kanda ya Ziwa mfupa wa binadamu ukionekana ovyo unaweza kuua mtu aliye hai. Mnajua historia yetu, vikongwe wamekatwa mapanga kwa kusingiziwa uchawi eti macho mekundu, wakati macho ni ya moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini. Mnajua walivyofanyiwa ndugu zetu wenye ualbino. Chini ya ule mwamba niliousema kuna bibi anaishi na wajukuu zake wawili. Fuvu lilipotoka haikufika jioni watu walishaanza kunong'ona, ooh mbona kajenga peke yake hapa, mbona jioni huwa anapanda juu kuokota kuni, mbona hakushtuka alipoambiwa. Nilimpitia kumsalimia, "Mwadila mayu", akaniitikia kwa sauti ya chini, alafu akaniuliza kama na mimi nimekuja kumuangalia macho. Wiki hiyo watoto wake walikuja kutoka mjini wakamchukua akakae kwao mpaka maneno yapoe. Angetokea mtu mmoja tu mwenye kitambulisho cha serikali akasimama mbele ya watu, akashika lile fuvu, akaonesha meno yalivyosagika na vyungu vilivyolala naye, akasema huyu mtu ni wa kale sana, kazikwa na ndugu zake kwa heshima, hajauawa wala hajarogwa, yale maneno yasingepata pa kusimama. Kwaiyo mkikaa kwenye bajeti mkasema mambo ya kale ni anasa ya wazungu na watalii mkumbuke kuna bibi huku alihama nyumba yake.

Sheria ipo, nimeisoma. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, ikarekebishwa 1979, inasema mtu akigundua kitu cha kale atoe taarifa kwa Mkurugenzi, au kwa kiongozi wa serikali wa eneo lake, au makumbusho, na hakuna ruhusa ya kuchimbua bila leseni. Sawa kabisa. Ila mama anayegonga kokoto atampataje Mkurugenzi? Na kiongozi wa eneo lake akishaambiwa naye anampigia nani? Mnyororo unakatikia hapo. Makumbusho ya Taifa ya karibu na sisi ni ya Mwalimu kule Butiama, Mara, na kazi yake ni historia ya Mwalimu. Hapa Kisesa tuna Bujora, makumbusho ya Wasukuma, kazi nzuri wanafanya ila ngoma na viti vya watemi ni kitu kimoja, fuvu la kale linataka joto la kupimwa, sanduku, daftari na mtu wa kulijibia.

Nimesema nitawarudia watu wa mali ya Mjerumani. Mkoa mzima huu kuna imani kwamba Mjerumani akiondoka kwenye vita ya kwanza alifukia masanduku ya rupia na dhahabu chini ya miamba, na kila mwamba wenye alama yoyote una kesi. Wanakuja usiku na mashine ya kupimia, mganga na kondoo mweusi, wanachimba mashimo ya mita mbili tatu chini ya kivuli cha jiwe, hawakuti kitu wanaondoka. Au niseme wanakuta, wanakuta vigae na mifupa na majivu ya maelfu ya miaka wanavirusha nje maana havilii kwenye mashine. Nimeyaona mashimo hayo mengi kuliko nyumba za ibada. Hawa wanaharibu kuliko sisi wa kokoto, maana sisi walau tuko mchana na tunajulikana kwa sura, hawa hakuna anayewauliza. Sijawahi kusikia hata mmoja kafikishwa popote kwa kuharibu eneo la kale.

Najua kuna mtu ofisini ashaanza kuandaa jibu kwamba basi tufunge machimbo yote ya milimani. Naomba hilo msilifanye, mkilifanya mtakuwa mmewaua kina mama wale kwa njaa na hakuna atakayeripoti mfupa tena maisha yake yote, atausaga kabisa uwe kokoto. Mtu akijua akisema anapoteza kazi, hasemi. Kwaiyo nawaomba mwekeni huyo mtu mmoja niliyemsema, mwenye pikipiki tu inatosha hatuombi Landcruiser. Kwenye leseni ndogo za uchimbaji mnazotoa kwa wenye machimbo, wekeni sharti moja la maneno mepesi, kwamba kabla ya kuchimba udongo chini ya kivuli cha mwamba eneo liangaliwe kwanza, na likionekana fuvu, kigae au vipande vya jiwe jeupe vimejaa, mnasimama mnapiga simu. Wakisimama siku tatu walipwe posho ya siku tatu, hela ya ndoo zao tu, ni ndogo kuliko chai ya kikao kimoja. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wanafunzi wa akiolojia wanaotafuta pa kufanyia mazoezi, waleteni huku likizo wazunguke na sisi, tutawaonesha miamba yote, hatudai chochote, labda wanunue soda.

Na mifupa ikitoka isafiri tukijua inaenda wapi na inarudi lini. Lile fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai 1959 lilienda nje kuchunguzwa, 1965 likarudi Tanzania, kwaiyo inawezekana, hatusemi vitu visitoke kabisa, kama vipimo viko Burgos viende Burgos. Ila kijiji kiandikiwe, na majibu yaje kusomwa kwa Kiswahili pale pale chini ya mwamba watu wamekaa, na sio yaishie kwenye jarida la kulipia. Wazee nao waulizwe. Kuna mapango huku ni ya matambiko mpaka leo, na kuna wazee watasema huyu mtu arudishwe alipolala baada ya kupimwa, mimi naona wana haki ya kusikilizwa hata kama wataalamu watakunja sura.

La mwisho ni la haraka. Kuna mwamba mwingine vijana wangu wanaanza kuuchoma mvua zikikata. Una kivuli kirefu chini yake kinatazama ziwa, na nimeshaona vigae viwili juu juu kwenye njia ya mbuzi, nimevipiga picha nikaviacha hapo hapo. Nimewaomba waanze na upande wa pili, wamekubali, ila upande wa pili mzigo wake utaisha, na wao wana ada za shule. Picha ninazo na eneo nitampeleka mtu mwenyewe kwa miguu. Hiyo namba ikipatikana ileteni hata kupitia kwa mwenyekiti wa mtaa, kwenye ubao wa ofisi yake nafasi ipo, na gharama ya kuichapisha na kuibandika kwenye kila chimbo ninalochukua mzigo ni juu yangu.

Wenu,
Dalali wa kokoto, Ilemela, Mwanza